Shamba la Ndugu Yangu Mnorwei

Nianze na majani, maana watu wa mjini nikiwaambia kwamba nimemlazia majani mchezaji wa mpira wa Ulaya kwa miaka na miaka, hucheka wakidhani nimelewa. Sijalewa. Kwetu Umatengoni milima imesimama wima, na shamba hulimwa kwa ngolo, yaani mashimo ya mraba yanayozuia mvua isiondoke na udongo. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Mwezi wa tatu mwanamume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari, ya kushuka na ya kukata, mpaka mteremko mzima uonekane umechorwa vyumba vyumba. Wanawake huja nyuma yake na majembe, wakachimba katikati ya kila chumba na kuyafukia majani kwa udongo, kisha wakapanda maharage juu ya matuta. Baada ya maharage ni mahindi, halafu unarudi tena kwenye majani. Na mwanamume akishalaza majani yake ya kwanza mahali alipoonyeshwa na baba yake, pale ni pake. Hakuna karatasi, hakuna muhuri. Watu wamemwona ameinama, basi, imekwisha.

Yule Mnorwei alilaza majani yake akiwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwepo. Mundu nilimnolea mimi mwenyewe, mjinga mimi.

Alikuja kwetu mdogo, wa umri wangu, baba yake akiwa fundi mkuu wa mabomba katika mradi wa maji. Walipewa nyumba chini kidogo ya shule yetu ya msingi. Wiki ya kwanza alisimama pembeni ya uwanja akitutazama tunacheza, mikono mfukoni, masikio mekundu kwa jua. Mimi ndiye nilikuwa kapteni. Nikamwita nikampa namba ambayo hakuna aliyeitaka, winga ya kushoto.

Uwanja wetu ulikuwa umeinama. Upande wa kulia ulikuwa juu, wa kushoto chini, na chini ya mstari wa kushoto hakukuwa na kitu ila mteremko wa ngolo za watu mpaka mtoni. Mpira ukimpita winga wa kushoto, unashuka shimo hadi shimo, na ni yeye atakayeufuata na kupanda nao akitweta, huku wenye maharage wakimtukana. Mgeni ndiye hupewa kazi ya namna hiyo. Miezi miwili ya mwanzo alishuka na kupanda mpaka tukamwonea huruma. Kisha akajifunza. Akawa anauzuia mpira kwa mguu wa kushoto kabla haujavuka mstari, na palepale, bila kuutuliza, anaurudisha juu kwa krosi ya kuzunguka inayotua kichwani mwangu. Ule mguu wa kushoto ambao baadaye Wabelgiji waliusifu ni mguu wa mteremko wetu. Nalisema hili kwa hasira kwa sababu ni kweli.

Akawa wa nyumbani. Kwetu wanaume wa ukoo hula pamoja kwa mzee wao, chombo kimoja, na hapohapo mambo ya ukoo huzungumzwa na kukatwa. Kikao hicho tunakiita sengu. Baba yangu alikuwa mkubwa wa sengu yetu. Mnorwei alianza kwa kuja kuniita tukacheze, akaambiwa ale kwanza, akala, na kesho yake akaja mapema kabla ugali haujaiva. Alikuwa akimwamkia baba yangu shikamoo kwa kuinama kabisa, na Baba akiitika marahaba ndefu ambayo sisi wengine hatukuwahi kuipata. Baba alimpenda, sitaficha. Alisema mtoto yule anasikiliza, wakati mimi nilikuwa mbishi tangu nikiwa mgongoni.

Mradi ulipokwisha na wazazi wake wakafunga mizigo, Baba aliita sengu. Akamuuliza mbele ya baba zangu wadogo wote, "Mwanangu, wewe ni wa wapi?" Naye, machozi yakimtoka, akajibu, "Mimi ni wa hapa." Basi! Baba akainuka, akamshika mkono, tukashuka wote mpaka bondeni kwenye kile kipande kilicho karibu na kijito. Umatengoni ardhi bapa ni kitu cha kutafuta kwa tochi, na pale palikuwa na ubapa wa kutosha nyumba na ua wake. Kila mtu alijua kwamba pale ni pangu. Baba akamwambia, "Laza." Akalaza. Alilaza vizuri pia, mistari imenyooka. Baba zangu wadogo wakapiga makofi, na mimi nikapiga, nikijiambia kwamba mtu anakwenda Ulaya, atakumbuka nini.

Hakusahau upesi. Barua zilikuja, kwa Kiswahili chetu kilekile, na kazi ya kuzisoma mbele ya sengu ikawa yangu. Kwao alichukuliwa na timu ya vijana. Alipofika miaka kumi na minane akasajiliwa na klabu ya Ubelgiji. Aliandika kwamba kocha anamcheka, anamwambia anakimbia akiwa amelalia upande mmoja, utadhani uwanja unamwangukia. Baba alicheka mpaka akakohoa. Ikaja picha, amevaa jezi ya bluu, mguu juu ya mpira, saini yake imepita kifuani kwa wino mweusi. Mama akaipa nafasi ukutani kando ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Mwaka uliofuata akaandika kwamba klabu imemuuza Uholanzi. Baba alisimama. "Nani kamuuza? Kwa idhini ya nani?" Nilimweleza kwamba ndivyo kazi ya mpira ilivyo huko, wenyewe hufurahi. Hakuridhika. Jumapili ile alimwomba padri misa kwa nia ya kijana aliyeko kwa watu.

Na shamba je? Shamba liliendelea. Kila zamu ya majani ilipofika Baba aliniambia, "Mlazie ndugu yako." Nikalaza. Dada zangu wakachimba. Maharage ya pale na mahindi ya pale yaliwekwa kwenye kihenge chake peke yake, hata mwaka ule tuliokaa na njaa mpaka mwezi wa pili. Mama alikuwa akiondoa ya zamani yaliyobunguliwa na kuweka mapya. Nilikuwa nikikipita kihenge kile natamani kukipiga teke.

Mambo ya nchi yalikuwa yakibadilika. Kahawa iliyokuwa ikipelekwa chama cha ushirika tu, sasa watu binafsi walikuja na magari yao wakainunua mlangoni. Mitumba ilijaa soko la Mbinga. Siku moja nikakuta humo jezi ya bluu, ya klabu ileile ya kwenye picha, imefifia kwapani. Nikaivaa kwenda kanisani. Watu waliniuliza kama imetoka kwa ndugu yangu, nikasema ndiyo. Huo ndio ulikuwa umaarufu wetu, na mimi niliula pamoja na wengine.

Kisha nikapata mchumba. Wajomba zake walikuwa watu wa maneno machache, walitaka jambo moja tu, waonyeshwe mahali nyumba itakaposimama. Nikamwendea Baba kuomba kile kipande cha kijitoni. Hakunifokea. Alisema, "Mdomo uliosema mimi ni wa hapa, ndio utakaosema nampa ndugu yangu. Aje aseme mbele ya sengu. Siku hiyo utajenga."

Basi nikaandika. Sikuomba kitu kingine chochote, wala fulana. Nilimwandikia, kaka, njoo useme neno moja, Mzee anakusubiri na mimi nakusubiri. Majibu yalikuja na stempu ya Uholanzi: ligi inakwisha mwezi wa tano, mwezi wa sita nakuja, mwambie Baba anichagulie jogoo.

Jamani, mliiona nyumba yetu mwezi ule? Baba alinunua chokaa akapaka kuta zote, hata za zizi. Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, lakini alisimamisha uchumaji. Alivaa koti lake la kanisani, akashuka stendi ya Mbinga mjini, akakaa kwenye benchi la muuza chai tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi alinituma Kitai, kwa kuwa mabasi yote ya kutoka Songea husimama pale watu wakanunua ndizi na mahindi ya kuchoma, nimpokee mizigo. Siku ya kwanza nilifika mchana, hakuna. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu mama mmoja muuza ndizi akaniuliza namngoja nani. Nikamwambia.

"Mzungu anayechechemea?" akasema. "Mbona alipita juzi asubuhi! Na mwanamke wake, kwenye Landkruza ya kukodi. Kanunua ndizi hapahapa, tena anaongea Kiswahili chetu hichi, kanitania kwamba ndizi zangu zimedumaa. Alisema anakwenda ziwani kupumzika."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Barabara ya ziwani inapita Mbinga mjini, mbele ya stendi. Juzi Baba alikuwa amekaa pale na koti lake.

Sikumwambia. Niseme nini? Jioni nilimweleza kwamba huenda ndege imechelewa. Yeye akanijibu kwa upole kwamba ndege ni chombo kikubwa, lazima kichelewe. Kesho yake nikadanganya tena. Nilisema nakwenda Liparamba kuangalia nguzo za kujengea, nikapanda lori lililokuwa likishuka Mbamba Bay.

Sisi watu wa milimani ziwa hatulizoei. Nilifika nimetapika mara mbili kwa zile kona, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni harufu ya usipa walioanikwa kwenye vichanja, ufuko mzima, samaki wadogo kama vidole vya mtoto. Nilimkuta nyuma ya vichanja hivyo, kwenye kiti cha nyumba ya wageni, miguu mchangani. Goti la kulia lilikuwa na kovu refu la kushonwa, na juu yake paja limenyauka. Aliponiona alisimama haraka kupita kiasi, akashika kiti asianguke.

"Kaka," akasema.

"Baba yuko stendi," nikasema. Salamu sikutoa.

Akanieleza yote, na ninakiri nilianza kumhurumia. Goti lilikatika mazoezini, mwaka wake wa kwanza Uholanzi. Likapasuliwa, likapasuliwa tena. Klabu ikamwachia. Miaka miwili alikuwa muuza viatu dukani, na zile barua za ligi alizokuwa akituandikia, na picha nyingine ya jezi nyeupe aliyotutumia baadaye, yote yalikuwa uongo na vitu vya zamani. Miaka ishirini na minne, mpira umekwisha. "Nimo ukutani kwenu," alisema. "Nitaingiaje nyumba ile na mguu huu?"

"Kwa mlango," nikamwambia. "Sisi tunaingia kwa mlango. Mzee hakukupa shamba kwa sababu ya mguu."

"Shamba gani?"

Nilidhani ananitania. Nikamweleza, la kijitoni, la majani. Akakumbuka, na wallahi akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo liliniuma zaidi. "Lile la mashimo? Kaka, ule si ulikuwa mchezo tu? Wazee walitaka kunifurahisha. Nilikuwa mtoto."

Mchezo! Nilimwambia nimekulazia majani mara nne, mama yangu amekuwekea kihenge, tumelala njaa mahindi yako yakiwa pale. Nilikuwa nikipiga kelele, wanawake wa usipa waligeuka kututazama. Alikunja uso akawa mwekundu kama siku ile ya kwanza uwanjani. Mwanamke wake akatoka ndani akamuuliza kwa Kiingereza mimi ni nani. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, nilielewa kila neno. Alimjibu kwamba mimi ni kijana mmoja wa pale walipokuwa wakiishi, niliyekuwa nikimwokotea mipira.

Mimi! Kapteni! Yeye ndiye aliyekuwa akishuka mtoni kufuata mpira!

Nilitaka kumpiga. Lakini sikuja kwa ajili ya mipira, kwa hiyo nikameza. Nikamwomba, na sijawahi kumwomba mtu vile. Njoo saa moja tu. Mwamkie Mzee, ule ugali, useme neno, uondoke. Mwisho akasema, "Sawa. Kesho asubuhi, lori likiondoka, tutakuwa nyuma yako na gari."

Asubuhi nilikuta chumba kinafagiliwa. Dereva wao alikuwa amerudi Songea na gari tupu kabla hakujapambazuka, na wao walikuwa wamepanda meli ya Kyela. Meli ilikuwa bado inaonekana. Kwa miaka nilimfundisha mtu yule kupiga chenga, mwili uende huku na mpira uende kule, na ndivyo alivyonifanya. Mwenye nyumba ya wageni akanipa bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi moja. Iliandikwa: "Mimi si wa huko tena. Shamba la kijitoni ni la ndugu yangu, achukue." Chini yake, saini, ileile ya kwenye picha.

Njiani kurudi nilikuwa na kile nilichokitafuta, mfukoni mwa shati. Nikimpa Baba, najenga. Nikimpa Baba, atajua kwamba mwanawe alifika, akampita kwenye benchi, akalala siku nne ziwani, akaandika kwamba yeye si wa huko. Nililibeba jambo hilo mpaka Mbinga. Baba alikuwa bado stendi. Nikamwambia nguzo za Liparamba zimeliwa na mchwa, nikamshika mkono nikamrudisha nyumbani. Karatasi niliiweka kwenye kopo la kahawa, kopo nikalichimbia kwenye kona ya chumba changu.

Niliona nimetenda wema. Hilo nalikumbuka, nililala usingizi mzuri.

Mwezi wa nane alikuja mama mmoja wa ziwani kuuza usipa, anayepanda kila mwaka mavuno yakikaribia kwisha. Alipomaliza kumpimia mama yangu, akanisifu. "Mwanao huyu nilimwona Mbamba Bay akigombana na mzungu. Loo, ana ulimi! Alimfokea mpaka mzungu wa watu kesho yake akakimbia na meli." Alisema akicheka, maskini, hakujua analolisema. Baba alikuwa mlangoni.

Sengu iliitwa jioni ileile. Baba hakupandisha sauti. "Ulikwenda Liparamba?" Nikainamisha kichwa. "Mwanangu alikuja?" Nikasema alikuja. "Ulimwambia nini hata akageuza?"

"Sikumwambia kitu, Baba. Nilimwomba aje."

Baba yangu mdogo akadakia, "Ulimwomba kwa kumfokea? Kipande cha kijitoni hukioni hapo katikati?" Wengine wakaguna. Ushahidi wangu ulikuwa hatua ishirini tu, ndani ya kopo. Nikauona kichwani, neno kwa neno. Shamba ni la ndugu yangu, achukue. Nani angeisoma karatasi ile asiseme kwamba nilimfuata mtu mpaka ziwani nikamwandikisha kwa nguvu, nikamfukuza? Na hata kama wangeamini, Baba angebaki na ile sentensi ya kwanza. Nikaufunga mdomo.

Baba akasema, "Utamlazia majani mpaka arudi." Kisha akavuta chombo cha chakula, akajichotea ugali wake na maharage kwenye kibakuli cha pembeni, akala peke yake. Tangu siku hiyo hakuingiza tena mkono wake kwenye chombo kimoja na wangu. Miaka mitatu. Tulikaa kikao kimoja, tukanawa maji mamoja, lakini yeye alikuwa na kibakuli chake. Wageni walidhani tumbo linamsumbua.

Mchumba wangu alinisubiri, Mungu ambariki. Tulijenga juu kabisa kwenye mwinuko, baada ya kuchonga mlima kwa jembe viangazi viwili ili kupata sakafu. Yeye ndiye mtu wa pekee niliyemwonyesha karatasi. Aliisoma, akaikunja, akasema tu, "Rudisha kwenye kopo."

Baba alikufa msimu wa mvua, homa ya mapafu, siku tano. Siku ya nne aliniita. Nilipiga magoti, nikafikiri sasa, sasa tutasemezana. Aliniuliza kama zamu ya majani imefika. Nikasema bado wiki tatu. Akasema, "Usichelewe, akija akute pamelimwa."

Baada ya kuzika, sengu ilikaa kugawa. Baba yangu mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa, alionekana kulainika. Alisema marehemu ametangulia, mzungu kimya miaka yote, pengine kipande kile kirudi kwangu, maana na mimi sasa nina mtoto. "Tatizo ni neno lake tu. Kuna yeyote mwenye neno kutoka kwake? Salamu, barua, chochote?"

Asubuhi ile nilikuwa nimelichimbua kopo. Karatasi ilikuwa mfukoni, na mke wangu, aliyekuwa akigawa chakula, alilijua hilo. Akasimama na upawa mkononi akinitazama. Ukutani, nyuma ya kichwa cha baba yangu mdogo, kijana wa jezi ya bluu alikuwa ameweka mguu juu ya mpira, na chini yake kile kibakuli cha Baba kilikuwa kimeoshwa na kufudikizwa.

"Hakuna," nikasema.

"Basi nani atalaza majani mwaka huu?"

Nikasema nitalaza mimi.